Shabaha Mahali Pasipo na Mkeka

Katika kila kiwanja cha shabaha cha polisi kuna mkeka. Huenda ukawa turubai lililokunjwa mara mbili, au godoro jembamba la mpira, au mkeka hasa uliochakaa pindoni. Lakini kazi yake ni moja, nayo ni kumpa askari mahali laini pa kulala kifudifudi, viwiko vyake vimetulia, miguu yake imetanuka nyuma, kitako cha bunduki kimezama katika bonde la bega, na mbele yake kifuko cha mchanga kimebeba uzito ambao mkono ungechoka kuubeba. Shabaha nayo ina adabu: ni karatasi iliyobandikwa ubaoni, imesimama wima, haipepesuki wala haijifichi nyuma ya mtu mwingine. Askari huvuta pumzi, akaitoa nusu, akafyatua. Na jioni akirejea kambini na karatasi yenye matundu matano yanayoweza kufunikwa kwa sarafu moja, husifiwa, tena kwa haki, maana hiyo ni kazi ya stadi. Lakini mhalifu hakuzaliwa na adabu ya karatasi, wala mji haukujengwa kwa kipimo cha mkeka. Na hoja ninayotaka kuiweka mbele ya msomaji mwisho wa juma hili ni kwamba askari anayekabidhiwa bunduki yenye darubini kwa ajili ya kuokoa roho za watu anastahili kufundishwa na kutahiniwa mahali asipopachagua yeye, na kwamba faida kubwa kuliko zote ya mafundisho hayo, ajabu ya mambo, ni kumjulisha ni wakati gani asipige.

Kwanza yafaa tumtenge mlenga shabaha wa polisi na mdunguaji wa jeshi, kwa sababu watu wengi, na hata baadhi ya wakubwa wenye kutia saini makadirio ya fedha, huwachanganya. Askari wa vita hupiga mbali, aghalabu mamia ya mita, na risasi yake ikienda kombo hupotelea mchangani, naye akabakiwa na nafasi ya pili, au na giza la kujiondokea. Askari wa polisi hupiga karibu. Huko Marekani, ambako kazi hii imejadiliwa kwa mapana, walimu wake husema kuwa sehemu kubwa ya risasi hizo hupigwa chini ya yadi 100, umbali usiopita ule wa kutoka goli hadi goli katika uwanja wa mpira. Mtu husikia hivyo akatabasamu, akauliza kuna ugumu gani. Ugumu ni kwamba mwisho wa safari ya risasi ile wamesimama watu wawili, mmoja ameshika kisu na mwingine amewekewa kisu shingoni, na baina ya vichwa vyao hapaingii hata kiganja cha mkono. Na risasi ikienda kombo hapo, hakuna mchanga wa kuipokea.

Fauka ya hayo, umbali mfupi wa mjini hauji pamoja na ardhi tambarare. Mahali pekee panapouona mlango wa nyumba ya shari huenda pakawa paa la bati lenye mteremko, au ngazi ya zege yenye ukingo unaomfika mtu kifuani, au dirisha la jikoni kwa jirani, ghorofa ya tatu, penye sinki pale ambapo kiwiko kilitaka kukaa. Huenda pakawa boneti ya gari iliyokuwa juani tangu asubuhi, au ukuta wa ua uliopandwa vipande vya chupa juu yake, au tawi la mwembe. Wazee walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Nasi twaweza kusema, kwa kuwaiga na bila ya kuwashinda, kuwa mchagua mahali si mlengaji, maana aliyelikosa jembe zuri hupoteza siku ya kulima, ilhali aliyekikosa kifuko cha mchanga aweza kuipoteza roho ya mtu aliyekuja kumwokoa.

Si mambo ya kubuni haya. Tarehe 1 Agosti 1966, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, mtu mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, akafika katika baraza ya ghorofa ya 28, na kwa muda wa dakika 96 akawafyatulia risasi waliokuwa wakipita chini, akaua watu zaidi ya 10 na kujeruhi wengine zaidi ya 30. Polisi waliofika walikuwa na bastola na bunduki za marisau, silaha za kichochoroni, ambazo kwa mtu aliye juu ya mnara ule zilikuwa kelele tu. Hata raia wakakimbilia majumbani kuchukua bunduki zao za kuwindia. Askari mmoja mwenye sifa ya kulenga alipandishwa katika ndege ndogo ili ampige yule muuaji kutoka angani. Mpango ule haukukosa ushujaa, lakini hewa ya moto ya mchana iliitikisa ndege hata shabaha haikushikika, na ndege ikalazimika kujitenga. Jambo lile likamalizwa na polisi waliopanda wenyewe mpaka juu ya mnara, Ramiro Martinez na Houston McCoy, wakamkabili mtu yule barazani penyewe. Stadi aliyekuwa ndani ya ndege hakukosa macho wala moyo. Alikosa kitu kimoja, nacho ni mahali pa kuegemea, na hakuna kiwanja cha mkeka kilichoweza kumfunza namna ya kuukabili upungufu huo, au kumfunza akiri mapema kwamba haukabiliki.

Miaka 6 baadaye ikawa zamu ya Ujerumani Magharibi kusoma somo hilo kwa ada kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Septemba 1972, wanamgambo 8 wa kundi la Kipalestina la Black September, waliowateka wanamichezo wa Israeli na walimu wao katika kijiji cha Olimpiki cha Munich na kuwaua wawili papo hapo, walipelekwa kwa helikopta pamoja na mateka 9 waliobaki mpaka uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck, ambako polisi walikuwa wamewatega. Watekaji walikuwa 8, na walenga shabaha 5, kwa kuwa idadi ya watekaji ilikosewa tangu mwanzo. Bunduki za walengaji hao hazikuwa na darubini wala kifaa cha kuonea gizani. Redio za kusemezana hawakupewa. Watatu waliwekwa katika jengo la mnara wa kuongozea ndege, wawili chini uwanjani, na mmoja wa hao wawili akajikuta katika njia ya risasi za wenzake. Kulipopambazuka mateka wote 9 walikuwa wamekufa, na askari polisi mmoja pamoja nao.

Itakuwa dhuluma kuwabebesha lawama wale watano. Hawakuwa wadunguaji waliofundwa kwa kazi ile. Walikuwa askari wenye kujua kulenga, na waliowatuma walidhani kuwa kujua kulenga ni kitu kimoja kisichogawanyika, ambacho mtu akiwa nacho uwanjani mchana anacho pia juu ya paa usiku. Hapo ndipo penye kosa, na ndilo kosa ambalo hata leo hurudiwa kimyakimya, kila mahali ambapo cheti cha kiwanja huchukuliwa kuwa cheti cha mji. Wajerumani, kwa sifa yao, hawakungoja: mwezi uleule waliunda kikosi maalumu cha GSG 9 chini ya Ulrich Wegener, na tarehe 18 Oktoba 1977, huku kwetu katika Pembe ya Afrika, kikosi hicho kikawakomboa abiria wa ndege ya Lufthansa iliyotekwa na kufikishwa Mogadishu.

Sasa na tutazame ni nini hasa kinachofundishwa, maana msomaji asiyewahi kushika bunduki aweza kudhani kuwa jambo hili ni ushupavu wa misuli, kumbe ni elimu ya mafiga. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Na bunduki vilevile hutaka kushikwa na ardhi, au na kitu kilichoshikwa na ardhi, katika sehemu zisizopungua tatu, kwa mifupa kuliko kwa nyama, kwa sababu msuli huchoka na mfupa hauchoki. Aliyelala juu ya mkeka amepewa mafiga yake bure: viwiko viwili na kifuko cha mchanga. Aliyesimama nyuma ya ukingo wa ngazi sharti ayatafute mwenyewe, akiegemeza mgongo ukutani, akikaza goti kwenye nguzo, akiupitisha ukanda wa bunduki mkononi mpaka uwe kama kamba ya tanga iliyofungwa barabara, au akimwomba mwenzake akae mbele yake na kumwazima bega. Bega hilo la mwenzake, ambalo mwenyewe hulazimika kuipunguza pumzi yake ili ipatane na pumzi ya mlengaji, halifundishiki kwa ubao na chaki.

Na kipimo chake ni kidogo kuliko akili inavyotaka kuamini. Bunduki yenye urefu wa mita moja, ikiwa mdomo wake utasogea kwa theluthi moja tu ya milimita huku kitako kimetulia, itaipeleka risasi karibu sentimita 3 pembeni katika umbali wa mita 100. Na theluthi ya milimita ni mpigo wa moyo, ni kiatu kilichoteleza nukta moja juu ya bati. Kiwiko kisichopata pa kukaa hakisogezi bunduki kwa theluthi ya milimita. Huisogeza kwa milimita nzima na zaidi, na hapo sentimita 3 huwa 10, na 10 hukaribia upana wa uso wa mtu, akiwemo yule ambaye hatukutaka aguswe.

Kuna na jambo la darubini, ambalo ni la kustaajabisha kwa udogo wake na kwa msiba wake. Darubini hukaa juu ya mtutu kwa sentimita 4 au 5, pengine zaidi. Kwa hiyo askari aliyejibanza nyuma ya ukingo wa dirisha au boneti ya gari aweza kumwona mhalifu waziwazi, bila ya kizuizi, ilhali mtutu wake chini unatazama zege au chuma kilicho mbele yake kwa shubiri moja. Jicho limepita, risasi haikupita. Juu ya mkeka kosa hili halitokei, kwa kuwa mbele ya mkeka hakuna kitu. Na kwa sababu halitokei, halionekani. Na kwa sababu halionekani, askari aweza kutumikia miaka mingi bila ya kulijua, mpaka siku ambayo kulijua kwake kungekuwa ndiko kulikohitajika. Vivyo hivyo risasi ipigwayo kutoka juu kwenda chini, au kutoka chini kwenda juu, hushuka kidogo kuliko ile ya tambarare, na kioo cha dirisha huipotosha. Mwalimu aliyeyasema haya darasani amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mwanafunzi kuyakosea mwenyewe mahali ambapo kosa halimuui mtu.

Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki mfano ulio jirani, nao ndio unaonigusa kuliko yote, ni ule wa Loyada, kituo cha mpakani baina ya Somalia na Djibouti, iliyokuwa ingali chini ya Ufaransa. Tarehe 3 Februari 1976 basi lililokuwa likiwapeleka shuleni watoto wapatao thelathini, wengi wao wa wanajeshi wa Kifaransa, lilitekwa na wapigania uhuru wenye silaha, likasimamishwa karibu na mpaka. Luteni Christian Prouteau aliletwa pamoja na watu wachache wa GIGN, kikosi maalumu cha jandarma ya Ufaransa kilichokuwa bado kichanga, wakajilaza mchangani umbali wa mita 180 hivi kutoka kwenye basi. Walilala kifudifudi, naam, kama uwanjani. Lakini mchanga ule ulikuwa ukichoma, jua halikuwa na huruma, na sharti walilowekewa lilikuwa gumu kuliko jua: kila mmoja awe na mlengwa wake, na risasi zitoke kwa pamoja, katika dakika ambayo watekaji wote wanaonekana na hakuna mtoto aliye katika njia ya yeyote kati yao. Watoto wakapelekewa chakula kilichotiwa dawa ya usingizi, ili vichwa vyao vishuke chini ya madirisha. Saa zikapita. Mara mtekaji mmoja ameonekana na mwingine amejificha. Mara wote wameonekana na mtoto mmoja ameinuka. Alasiri ya tarehe 4 dakika ile ikafika, risasi zikatoka pamoja, na watekaji wakaanguka. Lakini upande wa pili wa mpaka ukafungua moto, na kabla askari wa miguu hawajalifikia basi mambo yalikwisha haribika: watoto wawili walipoteza maisha, mmoja wao baadaye kwa majeraha. Ulikuwa ushindi wenye matanga ndani yake, na mwenye insafu hausimulii bila ya kuwataja watoto hao.

Kinachonivutia katika habari ile ni zile saa kuliko zile risasi. Watu wale walikuwa na bunduki nzuri, walikuwa na walengwa mbele yao, na kwa muda mrefu kazi yao yote ilikuwa kusema kuwa bado. Wangewezaje kusema hivyo kama hawakuzijua nafsi zao? Mtu asiyejua bunduki yake inatikisika kiasi gani katika saa ya sita ya kulala juani, au akiwa amepiga goti juu ya ngazi, ana majibu mawili tu mkuu wake anapomuuliza kama anaweza: atasema ndiyo kwa fahari, au atasema hapana kwa hofu, na yote mawili ni kubahatisha. Aliyekwisha kupitia ngazi ile mara hamsini katika mazoezi, akaona kwa macho yake kwamba katika risasi kumi mbili hutoka nje ya mduara, huyo ana jibu la tatu, nalo ni la kweli: kutoka hapa siwezi, lakini nikipewa dakika tano za kuhamia dirisha lile, nitaweza. Serikali hailipi mshahara kwa neno lenye thamani kupita hilo.

Najua yatakayosemwa. Watu wa hazina watasema kuwa risasi ni ghali, na kwamba vikosi vyetu havina za kutosha hata kwa mkeka, sembuse kwa ngazi na mapaa. Maneno yao ni kweli, lakini hayavunji hoja, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu hii haitaki risasi kabisa. Bunduki tupu, iliyokaguliwa na watu wawili mmoja baada ya mwingine, katika chumba ambacho risasi haziruhusiwi kuingia hata moja, hufundisha mafiga sawasawa na bunduki iliyojaa: mwanafunzi hujenga mkao wake juu ya pipa, juu ya tairi, juu ya meza iliyopinduliwa, huvuta mtambo wa kufyatulia, na darubini humwambia bila ya upendeleo ule msalaba wake uliruka kwenda wapi. Ngazi ziko katika kila kituo cha polisi, madirisha yako, magari mabovu yamejaa uani yakingoja kuoza. Kinachokosekana ni mwalimu mwenye saa mkononi, mwenye kumpa mwanafunzi mahali pabaya na dakika mbili za kupafanya pawe pa kufaa, na mkubwa mwenye kuliandika zoezi hilo katika ratiba ya kila juma badala ya kulingojea gwaride la mwaka.

Wengine, nao ni watu ninaowaheshimu zaidi, watasema kuwa kumfunza polisi kupiga kutoka kila pembe ni kumzidishia kiu ya kupiga, na kwamba raia wa nchi zetu wana sababu za kumhofu askari mwenye bunduki. Sababu hizo wanazo, wala sitazipuuza. Kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zimeweka wazi kuwa kuua kwa kukusudia hakuruhusiwi ila pale tu ambapo hapana njia nyingine ya kulinda uhai, na zimetaka wenye kubeba silaha wafundishwe na kupimwa. Na Kenya imeweka masharti yake ya matumizi ya silaha katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Lakini sheria haina macho yake yenyewe. Huazima ya askari. Neno «lazima» lililomo ndani ya sheria halipimiki na mtu asiyejua uwezo wake, kwa maana ili aseme kuwa risasi ni njia ya mwisho, sharti kwanza ajue kama risasi ile ni njia hata kidogo, au ni mateka wa pili atakayeanguka.

Kwa hiyo ningependa kuona jambo moja dogo, lisilogharimu zaidi ya bei ya daftari. Kila mlenga shabaha wa polisi na awe na daftari lake, ambalo ndani yake ameandika mahali alipopigia: paa, ngazi, boneti, bega la mwenzake, umbali, saa ya mchana, muda aliongoja, na risasi alizokosa, kwa wino uleule alioandikia alizopata. Na mkubwa wake alisome daftari hilo kabla ya siku ya shari, asije akalifungua baada yake pamoja na tume ya uchunguzi. Mkubwa aliyelisoma hatamwamuru askari apige kutoka mahali ambapo kurasa zake zinakataa, wala hatamdhania woga atakaposema hapana. Na katika daftari hilo pawe na safu ya mwisho, ambayo katika vitabu vya viwanja sijaiona ikichorwa, ya kuandikia mara ambazo askari alijenga mkao wake, akatazama, akapima, akaona kuwa hautoshi, akaondoa kidole. Safu hiyo ikijaa, nitalala usingizi nikijua kuwa dirishani kwa jirani, siku nisiyoiomba, amepiga goti mtu anayejijua.